Ugomvi wa manesi na wafamasia: tatizo ni tabia zetu au ni lile dirisha?

Sista wa Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 14 kazini, hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo sitaitaja. Muda mwingi nimekaa wodi ya wanawake ya magonjwa ya ndani, na miaka mitatu leba. Nimeamua kuandika baada ya kusoma uzi mwingine humu ambako wenzetu wa famasi walikuwa wanatunanga kwamba manesi ni wezi wa dawa, na manesi wakajibu kwamba mfamasia kazi yake ni kukaa kwenye feni na kusema "hamna". Nilicheka, maana yote mawili nimewahi kuyasema au kuambiwa usoni.

Niwape picha ya zamani. Famasi kuu iko chini, karibu na geti, kwa sababu ilijengwa kwa ajili ya wagonjwa wa nje. Wodi yetu iko juu kilimani, nyuma ya jiko. Raundi inaisha saa 4 na nusu asubuhi, vitanda 36, karibu kila faili imebadilishwa kitu. Daktari anaondoka, tunabaki wawili. Mmoja anajiandaa na sindano za saa 6, mwingine anachukua rundo la vyeti na kapu, anashuka. Dirishani kuna foleni ya wagonjwa wa nje. Ukipita pembeni watu wanaguna. Anakuja kijana, anashika cheti cha kwanza: "Sista, hapa dozi haijaandikwa." Cha pili: "Hii saini ya nani?" Cha tatu: "Haijaingia kwenye mfumo, rudi mkaiingize." Cha nne ndicho kinachokumaliza: "Hamna." Haambatanishi neno lingine. Hamna leo? Hamna mwezi huu? Ipo ya jina jingine? Hamna. Unapanda kilima na kapu nusu, daktari ameshaingia tiyeta, na mgonjwa anakuangalia wewe, si yule kijana.

Mtu akifanyiwa hivyo mara mia anajifunza kitu kimoja tu, kuweka akiba. Mgonjwa akiruhusiwa na dozi mbili zimebaki, hazirudi famasi. Mgonjwa akifariki, dawa zake zinaingia kwenye droo ya chini ya meza ya inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi. Tuliiita benki. Usiku saa 8 mtu akishuka sukari, unajua glukosi ya asilimia 50 iko benki. Kwa mfamasia anayehesabu stoo, ile ni dawa iliyopotea. Kwetu ndiyo ilikuwa dawa pekee tuliyokuwa na uhakika nayo. Mpaka leo naamini hivi: ukitaka kujua wodi inaiamini famasi kiasi gani, usiitishe kikao, fungua droo ya inchaji.

Sasa leba. Usiku mmoja aliletwa mama kwa bodaboda, kifafa cha mimba, ameshadegedeka mara mbili njiani. Wakunga humu mnajua hesabu: magnesiamu gramu 14 kwa kuanzia, 4 za mshipani na 10 za makalio, 5 kila upande. Kabatini tulikuwa na ampuli mbili za gramu 5. Ina maana tumepungukiwa na gramu 4. Tukavuta mililita 8, ndizo gramu 4, tukaongeza maji mililita 12, tukapitisha polepole mshipani. Tukachoma kalio moja. La pili likasubiri ufunguo wa famasi. Mhudumu alikimbia, mfamasia wa zamu alikuwa mmoja kwa hospitali nzima na wakati huo yuko dharura, hadi ampuli inafika zimepita dakika 25. Mama alipona. Asubuhi kila idara ikaandika maelezo. Yetu yalisema famasi ilichelewa. Yao yalisema leba haikuagiza mapema. Nilisoma yote mawili na yote mawili yalikuwa kweli.

Baadaye alikuja mfamasia mpya, akapeleka hoja kwenye kamati ya dawa na tiba: famasi moja ivunjwe vipande, kipande kimoja kihamie jengo la wodi. Tukapewa chumba kilichokuwa cha mashuka. Rafu tatu, friji lenye kipimajoto kinachosomwa asubuhi na jioni, kompyuta moja, na fundi sanifu dawa mmoja kuanzia saa 1 na nusu asubuhi hadi saa 12 jioni. Mfamasia mwenyewe anapanda asubuhi. Usiku likaachwa sanduku la dharura lenye lakiri ya plastiki yenye namba. Ukiikata unaandika kwa nini, asubuhi linajazwa upya. La leba lina gramu zote 14, lina kalsiamu glukoneti pembeni ya kumwokoa mama magnesiamu ikizidi, na ndani ya kifuniko kuna karatasi: 8 ya dawa, 12 ya maji. Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi.

Kitu cha kwanza alichofanya yule mfamasia ni kutangaza msamaha. Leteni kila kilichoko benki, hakuna atakayeulizwa. Wakuu, zilitoka adrenalini zilizokwisha muda, insulini zilizofunguliwa siku isiyojulikana (ikishafunguliwa ina siku 28 tu), na ampuli za kloridi ya potasiamu zimechanganyika na maji ya sindano. Kwa macho ya saa 9 usiku zinafanana kama mapacha, na moja ukiipitisha mshipani bila kuichanganya inasimamisha moyo. Tangu siku hiyo potasiamu haikai wodini. Inakuja kwa jina la mgonjwa.

La pili sikulitegemea. Siku moja anapita tu kwenda chumbani kwake, akasimama kwenye kitanda cha 9. Dripu imekuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Nikamwambia, ah, hizi dripu mbovu, hii ya pili leo, ya kwanza nimeitupa. Akauliza ndani kuna nini. Fenitoini. Ndani ya nini? Glukosi. Akanieleza bila kunipandishia sauti kwamba fenitoini ikikutana na glukosi inaganda, inatakiwa maji ya chumvi. Miaka yote ile nilikuwa nalaumu dripu. Angekuwa dirishani asingeiona, na mimi nisingepeleka dripu dirishani kuuliza.

Na yeye alifundishwa. Kwenye chati alipanga metronidazoli za mshipani zote saa 12 asubuhi, maana kila saa 8 ndivyo kitabu kinavyosema. Nikamwita: kaka, wako 11 wa dawa hiyo, chupa moja haipungui dakika 20, tuko wawili, na saa 12 hiyo hiyo tunapima presha, tunabadili mashuka, tunaandika ripoti. Unadhani ya kitanda cha 11 inaingia saa ngapi? Alinyamaza. Kesho yake akaja amezigawa makundi matatu, na wanne walioweza kumeza wakahamishiwa vidonge kwa ruhusa ya daktari. Kumbe kwake "kila saa 8" ilikuwa namba. Kwangu ni miguu.

Bado tunagombana, tena sana. Ila sasa tunagombania mgonjwa, hatugombanii saini.

Kasoro nayo niiseme. Yule fundi sanifu alipokwenda likizo ya uzazi hakuletwa mtu. Chumba kikafungwa, kapu likarudi kilimani. Wiki ya pili tu nikakuta benki imefunguliwa upya.

Nawasilisha. Wafamasia karibuni, msinipige mawe yote kwa pamoja.

Kilimani Juu

Nimekaa siti ya mbele. Hapo kwenye "hamna" umenikumbusha mbali.

Mzee wa Bin Kadi

Sista umeandika vizuri ila famasi umeipaka masizi. Mimi nina miaka zaidi ya 20 stoo, acha niseme upande ambao haupandi kilimani.

Ukivunja famasi vipande vitano umevunja na dawa vipande vitano. Nimeagiza Bohari ya Dawa seftriaksoni, nimeletewa pungufu ya nilichoomba. Nigawe vipi? Nikimpa kila mtu sawa, upasuaji wanamaliza Jumatano, macho wanakaa nazo hadi zinakwisha muda. Kila chumba kina bin kadi yake (kadi ya kuandika kilichoingia na kilichotoka), hesabu yake ya mwezi, friji lake la kuharibika. Mkaguzi akija hamwiti inchaji wa wodi, ananiita mimi. Na msilete utani kwenye morfini na pethidini: kila chumba kiwe na kabati lake lenye kufuli mbili na rejista yake? Hao watu wa kuzitia saini wako wapi? Usiku niko peke yangu, umesema mwenyewe.

Na hilo la kijana kuuliza saini ya nani, dada, ndiyo kazi yake. Anapouliza dozi hajafanya ukaidi. Amefundishwa hivyo, na akitoa vibaya atajibu mbele ya Baraza la Famasi yeye, si wewe.

Hata hivyo sikatai jambo lenyewe, maana si geni. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha California pale San Francisco walihamishia wafamasia ghorofa ya 9 ya hospitali yao, wakafungua famasi huko huko juu ya wodi. Mambo mengi mnayosikia leo ya mfamasia kukaa na mgonjwa yanahesabiwa yameanzia pale. Na mwaka 1999 ulichapishwa utafiti wa Boston: mfamasia aliwekwa kwenye raundi ya wagonjwa mahututi, madhara yanayozuilika yatokanayo na uandishi wa dawa yakashuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa. Theluthi mbili zimeondoka. Lakini soma vizuri: waliongeza mtu kwenye raundi. Hawakugawa maboksi. Huku kwetu tunaanza na chumba, rangi, bango, halafu mtu tutamtafuta baadaye.

Sista wa Zamu

Kaka Bin Kadi, masizi nimejipaka na mimi, au hukuiona ile dripu?

Kwenye mgawo una hoja, na hata kwetu mwezi wa kwanza ilikuwa vurugu. Kilichosaidia ni kwamba chumba chetu hakibebi stoo ya mwezi. Kinabeba ya siku tatu, na orodha yake ni dawa 40 na kitu tu, zile zinazotoka kila siku. Zinazotoka kwa nadra na za bei zinabaki chini kwako. Jumatatu na Alhamisi fundi sanifu anapitia tarehe, iliyobakiza miezi mitatu kwisha muda inahamia jengo linaloitumia haraka. Orodha tuliiandaa pamoja, na hapo ndipo niligundua jambo la kuchekesha: mfamasia aliipanga kwa kuangalia zilizotoka dirishani. Furosemidi ya sindano ikaonekana inatoka kidogo. Inatoka kidogo kwako kaka, kwa sababu tulikuwa tunaitoa benki!

Morfini ibaki na kufuli zako mbili. Hapo hatuna ugomvi.

Baba Wawili

Mimi si wa fani, nimeuguza tu. Mama yangu alilazwa kwa sukari, siku ya kuruhusiwa nesi akamwambia achome insulini baada ya kula, asije akaanguka. Dirishani nikapewa boksi limeandikwa nusu saa kabla ya kula. Nikarudi wodini kuuliza, nesi wa asubuhi ameshatoka, wa mchana akasema fuata cheti. Nikarudi dirishani, wakasema muulize daktari. Mama akaamua mwenyewe: asichome kabisa mpaka "wakubaliane". Siku nne. Tulirudi amebebwa.

Naomba kuuliza, nani alikuwa sahihi?

Mzee wa Bin Kadi

Pole sana mkuu. Inategemea ni insulini ya aina gani. Ile ya mchanganyiko wa kawaida huchomwa takriban nusu saa kabla ya chakula, kwa hiyo boksi lilikuwa sawa kama ndiyo hiyo. Lakini nesi naye hakusema ovyo: wodini chakula kinachelewa. Ukichoma saa 12 na nusu na uji ukaja saa 2, mgonjwa anazimia mikononi mwake, si mikononi mwangu. Amezoea kumlinda mgonjwa dhidi ya jiko letu, akasahau kwamba nyumbani jiko ni la mama mwenyewe. Hao wawili walipaswa kusimama kwenye kitanda kimoja dakika tano kabla hajavaa viatu vya kuondoka.

Mpita Njia 77

Kwa hiyo mnataka kila wodi iwe na duka la dawa? Hela ya kujenga mnayo, ya glavu hamna. Bongo bwana.

Nesi wa Ughaibuni

Mpita Njia, hata wenye hela wanakosea. Niko Marekani mwaka wa sita, huku dawa zimesogea mpaka mlangoni kwa mgonjwa: kila wodi ina kabati la mashine, unaweka kidole, unachagua jina la mgonjwa, droo inafunguka yenyewe. Kawaida droo haifunguki mpaka mfamasia awe ameipitia oda kwenye kompyuta yake. Lakini kuna kitufe cha kuruka, kwa ajili ya dharura.

Desemba 2017, Nashville, muuguzi alitumwa dawa ya kumtuliza mgonjwa kabla ya kipimo. Akaandika herufi mbili za mwanzo za jina la biashara, mashine ikiwa inatafuta kwa jina halisi la dawa. Haikumpa alichotaka, akabonyeza kuruka, ikatoka dawa inayopoozesha misuli yote pamoja na ya kupumulia. Mgonjwa alifariki. Mwaka 2022 yule muuguzi alitiwa hatiani mahakamani, akapewa kifungo cha nje cha uangalizi miaka mitatu. Manesi huku walilia, maana ilijulikana kwamba kuruka ilikuwa ni mazoea ya kila siku, si ya dharura tu.

Ninachosema ni kwamba dawa ilikuwa karibu kabisa, hatua kumi. Mfamasia ndiye hakuwepo. Droo ya sista wa kule kilimani na kabati la dola maelfu vina ugonjwa mmoja: mtu anachukua peke yake, bila jicho la pili. Ile karatasi ya 8 na 12 ndani ya kifuniko ni jicho la pili la bei rahisi. Mimi ningeinakili leo hii.

Fimbo Fupi

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sasa nesi wa Ughaibuni anatuambia hata ya karibu yaweza kukupiga mwenyewe. Uzi mtamu huu.

Mkenya wa Bonde

Niaje watu wa Tanzania. Kwetu afya iligatuliwa kwa kaunti tangu 2013, kwa hivyo ukisema ugatuzi wa famasi mtu anadhani gavana anakuja kugawa panadol na picha yake.

Mimi ni mfamasia, nilisomea uzamili wa famasia ya kitabibu Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka ya kusoma kukaa na mgonjwa. Kurudi kaunti nikawekwa kwa stoo, nahesabu glavu. Nilipoomba kwenda wodi, niliambiwa sawa, enda na raundi ya daktari. Nikaenda miezi mitatu. Unajua nani hakuwa ananiongelesha? Manesi. Niliona ni madharau.

Siku moja nesi mmoja mzee akanivuta kando, akaniambia: daktari, wewe unakuja saa nne, unaongea Kizungu na madaktari juu ya mgonjwa wangu, unabadilisha dawa, unaenda. Mimi ndiye nabaki nimeshika faili. Kama unataka kufanya kazi na sisi, kuja saa moja na nusu kwa ripoti.

Nikaanza kufika ripoti ya asubuhi, wakati wa zamu wanapokabidhiana. Hapo ndipo unasikia ukweli: kitanda cha 4 ametema vidonge vyote usiku, kitanda cha 12 hana mshipa tangu jana kwa hivyo hiyo sindano kwa chati imetiwa tiki lakini haikuingia, kitanda cha 20 mtoto wake anamletea dawa ya kienyeji kwa thamosi. Hakuna hata moja ya hizo ilikuwa kwa faili. Kwa raundi ningekuwa nimeshauri dozi iongezwe, mgonjwa hata hajameza.

Sista, hapo kwenu mfamasia anapanda saa ngapi? Hilo ndilo swali langu kubwa kuliko chumba.

Sista wa Zamu

Mkenya, umenigusa. Kwetu anapanda saa 3, baada ya kikao chake cha chini. Ripoti inakuwa imekwisha. Sikuwahi kufikiri kumwalika, nilidhani ripoti ni ya kwetu tu. Nitamwambia.

Hilo la tiki kwenye chati tulifunge humu humu, wasione wakubwa. (Natania. Lakini ndiyo, lipo, na linatokana na kwamba kisanduku kiko kimoja: umetoa au hujatoa. Hakuna nafasi ya kuandika "nilijaribu".)

Dogo wa Dispensa

Shikamooni wakubwa. Mimi ni fundi sanifu dawa, nafanya kwenye chumba kama hicho, hospitali nyingine, mwaka wa pili. Hakuna aliyetuuliza sisi kwa hiyo najisemea.

Asubuhi nachukua toroli, napita kitanda kwa kitanda na chati. Kila mgonjwa ana mfuko wa plastiki wenye jina, namba ya faili na kitanda. Naweka dozi za saa 24 tu, si za wiki. Za jana zilizobaki nazitoa na nauliza kwa nini zimebaki. Mwanzoni sista alikuwa ananijibu "we dogo unanikagua?" Sasa nimebadili swali. Nasema, "Sista, hii imebaki, niirudishe kwenye bili ya mgonjwa?" Maana ikirudi, ndugu zake wanapunguziwa deni. Hapo ananiambia mwenyewe: hakumeza, alikuwa anatapika, mwambie daktari ampe ya sindano. Swali ni lile lile, nimelipitishia mlango mwingine.

Nilichojifunza kigumu ni yuniti za insulini. Daktari aliandika 10 na herufi U imebanana, nesi akasoma 100. Alinifuata na bomba mkononi: "Dogo, mbona nyingi hivi?" Chumba kiko hatua nane. Kama angetakiwa ashuke mpaka chini kuuliza, sijui. Tangu hapo nikikuta U nairudisha kwa daktari aandike neno zima, yuniti, hata akinuna.

Na nilijua nimekubalika wodini siku waliponiweka kwenye mchango wa chai. Elfu mbili kwa wiki, kitafunwa juu ya inchaji.

Kilimani Juu

Dogo, hicho cha mchango wa chai wakiandike kwenye mwongozo wa wizara.

Mzee wa Bin Kadi

Dogo ameniziba mdomo kidogo. Dozi za saa 24 zinapunguza kazi yangu ya kutafuta dawa zilizokwama wodini, hilo nakubali. Lakini rudini kwenye likizo ya uzazi ya mwanzo wa uzi, maana mmeipita haraka. Mtu mmoja akiondoka, mpango mzima unalala. Hapo ndipo hizi famasi za wodi zinakufa. Nimeona mbili zikifa hivyo, moja sasa ni stoo ya viti vibovu. Ukiniuliza, ukiwa na watu wachache kuliko vyumba, usifungue vyumba vitano. Fungua kimoja panapouma zaidi, leba au watoto, na kwingine peleka mtu kwa saa mbili asubuhi na sanduku la lakiri usiku. Chumba chenye kufuli ni kibaya kuliko dirisha, kwa sababu dirishani angalau unajua pa kupiga kelele.

Na usiku, lakiri ikikatwa, anayejaza ni nani? Andika jina. Ukiandika "famasi" hakuna atakayejaza.

Sista wa Zamu

Hapo kaka tumekubaliana mia kwa mia. Kwetu jina lipo, na la mbadala wake lipo, baada ya lile balaa la likizo. Tulilazimisha.

Nimeongea na mfamasia wetu leo mchana kuhusu ripoti ya asubuhi. Akauliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa 1 na nusu. Akasema anakaa mbali, daladala. Nikamwambia sisi wa zamu ya asubuhi tunapanda daladala hiyo hiyo. Anaanza Jumatatu, tuone.

Mzee wa Bin Kadi

Sawa. Swali la mwisho, na ujibu kama uko mbele ya Mungu. Benki imefungwa kweli?

Sista wa Zamu

Ngoja nishuke zamu nikuangalizie.

Sista wa Zamu

Nimefungua. Adrenalini tatu, furosemidi sita, hidrokotisoni moja, na insulini moja imefunguliwa haina tarehe. Nimempelekea Dogo wetu wa hapa, amezihesabu, hakuuliza. Adrenalini moja nimebaki nayo. Jumamosi na Jumapili chumba hakifunguliwi.